Maji kiasi gani, wapi, lini? Barua ya wazi kutoka bondeni Rufiji

Kwenu mnaosimamia utabiri wa hali ya hewa, maji ya Bonde la Rufiji, bwawa la Julius Nyerere na kamati za maafa kuanzia taifa hadi kijiji.

Waheshimiwa, salaam.

Usiku mmoja wa Aprili 2024, baada ya swala ya isha, nilichomeka fito ya mwanzi ukingoni mwa maji, nyuma ya jiko letu. Nilikuwa nimeichonga alama kwa kisu, kila alama upana wa vidole vinne. Saa sita usiku nikarudi na tochi ya simu: maji yalikuwa yamemeza alama nne. Alfajiri, adhana ikiita, niliifuata fito ile hadi maji yakanifika mapajani. Alama tisa zilikuwa zimezama. Hesabu haikuwa ngumu. Alama moja kila saa, na kizingiti cha nyumba kilikuwa usawa wa alama ya kumi na sita. Nikamwambia mama watoto, saa sita mchana maji yatakuwa ndani. Tukatoa magunia ya mpunga wa mwaka uliotangulia, tukafunga kuku miguu, tukavuka kwa mtumbwi wa jirani hadi kwenye mwinuko wa shule. Saa sita na robo maji yaliingia mlangoni.

Alama zile kumi na sita ndizo utabiri pekee wenye kipimo nilioupata katika mafuriko yale. Ukutani kwa ofisi ya kijiji kulikuwa na tangazo lililoshuka kutoka ofisi moja ya juu, mistari minne: kutokana na mvua zinazoendelea kunyesha, wananchi waishio mabondeni wachukue tahadhari. Nililisoma mara mbili. Sisi sote tunaishi bondeni. Tahadhari ipi? Nihamishe mbuzi au nihamishe watoto? Niende leo au nisubiri mpunga ulioanza kutoa masuke? Mwenyekiti wa kitongoji aliniuliza mimi, kwa kuwa nilifundisha jiografia miaka mingi, na mimi nilikuwa na fito tu.

Naandika kuomba jambo moja. Utabiri wa mvua mnautoa, na unazidi kuwa mzuri. Tupeni sasa utabiri wa maji: mto utafika kina gani, kwenye kata gani, kuanzia siku gani, na uwezekano wake ni kiasi gani.

Msemo wetu unasema dalili ya mvua ni mawingu. Huku kwetu dalili ya gharika haikai mawinguni. Siku zile mbili tatu kabla maji hayajatufikia jua lilikuwa likiwaka, watu wamesambaza nguo kwenye michongoma. Mvua iliyotuzamisha ilikuwa imenyesha mbali: kwenye miteremko ya Udzungwa na Mahenge, nyanda za Njombe na Iringa, bonde la mto Luwegu. Bonde la Rufiji hukusanya maji ya takriban sehemu moja ya tano ya Tanzania Bara, na mto Kilombero peke yake hutuletea zaidi ya nusu ya maji hayo. Kwa hiyo mtu wa Utete au Muhoro akiangalia juu kwake kutafuta habari za mto, anaangalia pasipo.

Mimi habari nilizipata kwa simu. Shemeji yangu analima mpunga upande wa Ifakara. Kabla ya wiki ile alinipigia akasema, "Mwalimu, Kilombero imetoka nje ya kingo, sijaiona hivi tangu nihamie huku. Jiandaeni." Hakuwa na mashine wala cheo. Alikuwa juu ya mto na mimi nilikuwa chini, na maji hayana mbio kama za simu. Yanapita kwenye tambarare pana, yanatuama kwenye mabwawa ya asili, yanazunguka, yanachukua siku kadhaa kutufikia. Siku hizo ndizo uhai wetu. Mto mkubwa na mpole kama huu unatoa utabiri wenyewe kwa yeyote aliyesimama juu yake na kupima.

Hili naomba mlione kwa uzito wake, kwa sababu linajibu hoja ninayoisikia kila mara, kwamba masika hayatabiriki. Ni kweli kwa kiasi. Wanasayansi wanajua vizuri kwamba mvua za vuli Afrika Mashariki hufuata joto la bahari. Mwaka 1999 N. H. Saji na wenzake walieleza jinsi Bahari ya Hindi inavyogeuka: maji ya upande wetu yakipata joto kuliko kawaida na ya upande wa Indonesia yakipoa, unyevu husukumwa kuja kwetu na vuli hufurika. Ilikuwa hivyo 1961, ikawa hivyo 1997, ikawa hivyo 2019. Ikigeuka upande wa pili, au La Niña, yaani maji ya Pasifiki kupoa kuliko kawaida, ikitawala, vuli hukauka. Ndiyo maana Agosti 2023 Mamlaka ya Hali ya Hewa iliweza kutangaza vuli ya juu ya wastani na kuitaja El Niño, kinyume cha La Niña, mapema, na mvua ikaja kama ilivyosemwa. Nawapongeza kwa hilo bila kusita. Niliwahi kufundisha enzi ambayo utabiri wa redio ulisikilizwa ili kuchekwa.

Masika ni kazi nyingine. Uhusiano wake na bahari ni hafifu. Mengi hutegemea mawimbi ya hewa yanayozunguka tropiki kwa majuma machache, na vimbunga vinavyopita kusini mwetu. Kuniambia mwezi Februari kwamba Aprili itakuwaje ni vigumu kweli, na sitawalaumu mkikosea. Lakini mvua ikishanyesha Mlimba, huko juu ya Kilombero, si ya kutabiriwa tena, imeshanyesha! Kinachobaki ni hesabu ya safari yake. Kiasi gani kimeanguka, udongo ulikuwa umelowa kiasi gani hata ukakataa kunywa, mteremko ukoje, mto una upana gani, bwawa lina nafasi gani. Hiyo ndiyo modeli ya mto, na misingi yake ni ile ile ya fito yangu, ila yenu ingeanza kupima kilomita mamia juu yangu, siku nyingi kabla.

Na vifaa vipo. Mfumo wa Ulaya uitwao GloFAS hutoa kila siku makadirio ya mtiririko wa mito mikubwa duniani hadi siku 30 mbele, bure. Unachukua utabiri wa hali ya hewa unaoendeshwa mara 51, kila mara mwanzo ukibadilishwa kidogo tu, kwa kuwa anga ni kitu ambacho kosa dogo la leo hukua likawa tofauti kubwa ya wiki ijayo. Kama nakala 40 kati ya 51 zinaonyesha mto unapita kiwango cha hatari, una jambo la kumwambia mkuu wa wilaya. Kama ni 5, una jambo la kufuatilia kimya kimya. Lakini mfumo wa dunia nzima una upofu wa aina mbili hapa kwetu. Hauna vipimo vya kutosha vya kujisahihishia, kwa sababu vituo vya kupimia mvua na mito kwenye nyanda za juu ni vichache, na baadhi ya vipimo vya mita nilivyowahi kuviona vimelala vichakani, rangi imebanduka. Pili, haujui ni lini milango ya bwawa itafunguliwa.

Hapo nataka kutulia kidogo.

Bwawa la Julius Nyerere, lile la umeme kwenye mto Rufiji juu yetu, lilianza kujazwa Desemba 2022. Linaweza kushika zaidi ya mita za ujazo bilioni 30. Aprili 2024 lilikuwa limejaa kiasi cha kulazimu maji kuachiwa, jambo lililoelezwa hadharani. Baada ya hapo nchi nzima iligawanyika, wengine wakidai bwawa limetuzamisha, wengine wakidai lisingekuwepo tungezama zaidi. Sitaingia kwenye mabishano hayo, na kwa mtu aliyeketi juu ya paa la shule na wajukuu, jibu lake halikuwa na faida. Swali langu ni la mbele. Kuanzia sasa, sehemu kubwa ya mafuriko ya Rufiji ya chini hupita kwenye uamuzi wa binadamu. Zamani mto ulishuka wenyewe. Leo kuna chumba ambamo mtu anajua, saa kadhaa au siku kadhaa kabla, ni maji kiasi gani yatatoka kila sekunde. Namba hiyo ikiachwa ndani ya chumba kile, tunapoteza utabiri bora kuliko wote ambao bonde hili limewahi kuwa nao.

Tunaomba itangazwe kila siku wakati wa masika, redioni na kwenye simu, kama yanavyotangazwa mawimbi ya bahari. Kina cha bwawa, maji yanayoingia, maji yanayotoka, na mpango wa siku saba zijazo. Na kama modeli inaonyesha maji mengi yanakuja kutoka Kilombero, basi yaanze kuachiwa mapema na taratibu, ili kilele kishuke. Najua hapo kuna mvutano. Maji yanayoachiwa leo ni umeme usiozalishwa kesho, na utabiri ukikosea, bwawa litabaki na upungufu. Ni mvutano wa kweli na siubezi. Naomba tu kwamba uzito wa vijiji vya chini uandikwe kwenye kanuni za bwawa, tena kwa namba.

Mfano wa kazi nzuri tunao wenyewe, na si wa mbali. Wiki chache tu baada ya maji yetu, mwanzoni mwa Mei 2024, kilikuja kimbunga Hidaya. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa taarifa baada ya taarifa: kimbunga kiko wapi, umbali gani kutoka pwani, kinaelekea wapi, upepo wake una kasi gani, kitafika lini. Vyombo vya baharini vikasitishwa. Wavuvi wa huku delta walivuta ngalawa juu. Sikusikia mtu akiuliza tahadhari ipi, kwa kuwa taarifa ilikuwa na mahali, saa na kipimo. Kimbunga kilidhoofika kilipofika pwani, ingawa mvua zake zilikata barabara ya kusini pale Somanga, na hakuna aliyewatukana watabiri kwa kudhoofika kwake. Watu wazima wanajua kwamba jambo linaweza kukaribia na lisifike. Kwa nini bahari ipewe ramani na saa, na mto upewe mistari minne?

Nadhani nyuma ya mistari ile minne kuna hofu. Afisa anaogopa kusema namba isije ikakosea, basi anasema neno lisiloweza kukosea kamwe. Kila mwaka "mvua kubwa zinaweza kunyesha katika baadhi ya maeneo," na kila mwaka ni kweli, na kila mwaka halimsaidii mtu. Nilikuwa nikiwasimulia wanafunzi wangu habari za Lewis Fry Richardson, Mwingereza aliyejaribu kutabiri hali ya hewa kwa hesabu za mkono, enzi ya Vita Kuu ya Kwanza, akihudumu kwenye magari ya wagonjwa Ufaransa. Alihesabu majuma kwa majuma mabadiliko ya saa sita tu, na jibu lake likatoka ovyo kabisa. Mwaka 1922 akachapisha kitabu chenye njia yake yote, pamoja na kosa lake, wazi. Kompyuta nyingi za hali ya hewa leo zinatembea katika njia ile. Na ninyi chapisheni. Mwisho wa kila msimu tuwekeeni mezani: tulisema hivi, ikawa hivi, hapa tulipatia, hapa tulikosa. Mkulima akijua kwamba mkisema asilimia 70 kweli mara saba kati ya kumi hutokea, ataipanga akili yake na shamba lake juu ya namba hiyo. Mimi nitakuwa wa kwanza kuwatetea siku ya zile tatu.

Wazee wa pwani hawakuogopa. Walisema kilimia, lile kundi la nyota, kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Ni utabiri wa msimu huo, wenye ishara na wenye muda, na mtu angeweza kuupima mwaka hadi mwaka.

Baada ya namba inafuata hatua, na hatua isisubiri kikao. Kenya, mamlaka inayoshughulikia ukame huangalia kwa satelaiti hali ya majani katika kaunti za Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera. Kijani kikishuka chini ya kigezo kilichoandikwa mapema, fedha huongezwa kwa kaya zaidi kabla mifugo haijaanza kufa. Haujawa mpango usio na kasoro. Misimu mitano mfululizo ya mvua hafifu kuanzia mwishoni mwa 2020 iliwaumiza wafugaji vibaya sana hata hivyo. Lakini wazo lake ni zuri: kigezo kinakubaliwa jua likiwaka, vichwa vikiwa vimetulia. Sisi tuna sheria ya maafa ya mwaka 2022 na tuna kamati hadi ngazi ya kijiji. Wekeni kigezo. Kina cha Kilombero kikivuka mita fulani na utabiri wa siku saba ukiwa mbaya, mitumbwi inahamia kata za bondeni siku hiyo hiyo, shule za mwinuko zinafunguliwa, fedha ya mafuta inatoka, mtendaji anapita kitongoji kwa kitongoji na kipaza sauti cha msikiti kinatumika. Aprili 25, 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba mafuriko ya msimu ule yameua watu 155 nchini na kuathiri zaidi ya watu 200,000. Sijui kama kuna njia ghali kuliko hiyo ya kupata taarifa za kina cha mto.

Modeli hiyo hiyo itafaa pia mwaka wa ukame, na ukame hauko mbali. Ruaha Mkuu, ambao ni mmoja wa mito inayotulisha, umekuwa ukikatika ndani ya Hifadhi ya Ruaha wakati wa kiangazi tangu 1993. Dar es Salaam iligawiwa maji kwa zamu Oktoba 2022 mto Ruvu ulipopungua. Anayejua kuhesabu maji yanayokuja anajua pia kuhesabu yasiyokuja.

Najua mko tayari na jibu jingine: hameni. Tumelisikia tangu utoto. Baada ya mafuriko makubwa ya 1968 serikali iliwahamisha watu wengi kutoka bondeni kwenda juu, ile tuliyoiita Operesheni Rufiji, na nyumba zikajengwa huko. Mashamba lakini yalibaki chini. Mwenye kudhani sisi ni wakaidi hajawahi kuona mlau. Maji yakishuka, huacha tope jeusi lililo laini kama ugali wa jana, na ndani yake unapanda mahindi na kunde bila mbolea wala mvua, unakula kutoka kwenye mafuriko yale yale yaliyokufukuza. Mpunga unataka maji. Samaki wanazaliana kwenye mabwawa yanayojazwa na mto. Kumwambia Mrufiji aachane na mafuriko ni kumwambia aachane na shamba, samaki na mboga. Baba yangu alijenga dungu, akalala juu yake kulinda mpunga, na aliyajua maji. Kilichobadilika ni kwamba maji tuliyoyajua sisi sasa yanapita kwenye bwawa, na mvua zenyewe zimebadilika tabia. Nyumba za kulala zikae juu, nakubali, na mwenye kiwanja salama asaidiwe kujenga. Kwenye shamba tutashuka kila mwaka. Tunachotaka ni kujua lini tupande na lini tupandishe.

Msituache nje ya kazi hii. Kule Msumbiji, kwenye mto Búzi, wanakijiji walipewa vipimo vya mvua, fito za kupimia mto na redio za kupeana taarifa kutoka juu hadi chini. Kimbunga Idai cha 2019 kilikuwa kikubwa mno hata kwao, lakini mfano unabaki. Hapa kwetu kuna walimu wa hesabu kila kata, kuna vijana wa bodaboda wenye simu, kuna shemeji yangu Ifakara ambaye anapima bila kulipwa. Mpeni kipimo cha mita kilichopakwa rangi, mpeni posho ndogo ya kila mwezi, na namba ya kutuma usomaji saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Modeli yenu ya kompyuta itakula namba hizo na itanenepa.

Mimi sehemu yangu nimeianza. Kwenye mwembe ulio mbele ya ofisi ya kijiji nimepigilia misumari miwili. Wa juu ni pale maji yalipofika Aprili 2024, wa chini ni pale yanapoanza kuingia kwenye nyumba ya kwanza. Wazee wawili wananionyesha wapi yalifika 1968, nitapigilia na huo. Misumari hii haina thamani bila kuunganishwa na kipimo cha mto na usawa wa bahari, na kazi hiyo inamtaka mpima mwenye chombo chake, nusu siku tu. Mtumeni kabla mvua za Novemba hazijaanza huko juu. Barabara inapitika hadi mtoni, na mtumbwi wa kumvusha nitaulipia mimi.

Wenu,
Mwalimu mstaafu, upande wa Muhoro, Rufiji